Giants ya 2007: Mechi ya kukamilisha ratiba iliyozaa ubingwa

JUMAPILI ya Februari 3, 2008, katika mji wa Glendale, jimboni Arizona, timu ya New England Patriots iliingia uwanjani ikiwa imeshinda mechi zake zote 18 za msimu. Ilibakiza mechi moja tu ili iwe timu ya kwanza katika historia ya futiboli ya Kimarekani kumaliza msimu kwa ushindi wa mechi 19 bila kupoteza hata moja.

Saa ya mchezo ilipokwisha, ubao ulisomeka New York Giants 17, Patriots 14. Bingwa mpya alikuwa timu iliyopoteza mechi sita katika msimu wa kawaida, tano kati ya hizo mbele ya mashabiki wake yenyewe.

Wengi huukumbuka usiku ule kwa sababu ya pasi moja iliyodakwa kwa kubanwa juu ya kofia ya mchezaji. Hata hivyo, chimbuko la ushindi huo liko siku 36 nyuma, katika mechi ambayo Giants haikulazimika kuicheza kwa nguvu, iliicheza kwa nguvu, na ikafungwa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele walau yadi 10, ambazo ni zaidi kidogo ya mita tisa. Ikifaulu, huanza kuhesabiwa majaribio mapya. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani.

Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni. Huleta pointi sita, na mkwaju mfupi unaofuata huongeza moja. Timu iliyokwama njiani yaweza kupiga mkwaju upite katikati ya nguzo na kupata pointi tatu.

Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi ni kwotabeki. Ndiye moyo wa timu, na ndiye anayewindwa na walinzi wa upande wa pili, ambao kazi yao kubwa ni kumwangusha kabla mpira haujatoka mkononi mwake.

Ligi kuu ya mchezo huo, NFL, ina timu 32 zilizogawanywa katika kanda mbili, AFC na NFC. Mwaka 2007 kila timu ilicheza mechi 16 za msimu wa kawaida. Baada ya hapo timu sita za kila kanda, yaani mabingwa wanne wa makundi na mbili zenye nafasi za ziada, ziliingia katika mtoano. Huko hakuna marudiano: anayefungwa hufunga virago. Mabingwa wa kanda hizo mbili hukutana katika fainali iitwayo Super Bowl.

Kocha aliyekalia kuti kavu

Giants ilianzishwa mwaka 1925 na ni miongoni mwa klabu kongwe za ligi hiyo. Kabla ya msimu wa 2007 ilikuwa imetwaa Super Bowl mara mbili, katika msimu wa 1986 na ule wa 1990. Mashabiki wa New York, ambao hawana sifa ya uvumilivu, walikuwa wamesubiri miaka 16.

Kocha mkuu, Tom Coughlin, alikuwa amekalia kuti kavu. Msimu wa 2006 timu yake ilishinda mechi nane na kupoteza nane, kisha ikatolewa na Philadelphia Eagles katika mechi ya kwanza ya mtoano. Magazeti ya jiji yalitaka afukuzwe. Uongozi ukamwongezea mkataba wa mwaka mmoja tu, jambo ambalo kila mtu alilielewa kuwa ni onyo.

Coughlin alikuwa mtu wa nidhamu kali. Vikao vyake vilianza dakika tano kabla ya muda uliotangazwa, na mchezaji aliyefika kwa wakati alihesabiwa amechelewa. Baadhi ya wachezaji walichoshwa naye waziwazi.

Kabla ya msimu wa 2007 kocha huyo, aliyekuwa akielekea kutimiza miaka 61, alibadilika bila kuacha misimamo yake. Aliunda baraza la wachezaji wakongwe la kumshauri na kufikisha malalamiko ya wenzao. Katika kambi ya mazoezi aliwashangaza wachezaji pale alipoahirisha kikao na kuwapeleka kucheza mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha vigingi. Ni jambo dogo, lakini waliomfahamu walisema hawakuwahi kuliona kwake.

Matatizo mengine yalikuwepo. Tiki Barber, mkimbiaji hodari kuliko wote katika historia ya klabu, alikuwa amestaafu na kugeuka mchambuzi wa televisheni, na alitumia nafasi hiyo kuukejeli uwezo wa kwotabeki Eli Manning wa kuwaongoza wenzake. Mlinzi mkongwe Michael Strahan hakuonekana kambini, akitafakari kustaafu, na alirejea siku chache tu kabla ya msimu kuanza.

Manning mwenyewe alikuwa na mzigo wa ziada. Alichaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote walioingia ligi mwaka 2004. Baba yake, Archie, alikuwa kwotabeki maarufu wa enzi zake, na kaka yake, Peyton, alikuwa ametoka kuipa Indianapolis Colts ubingwa miezi michache tu iliyopita. Kila pasi ya Eli ilipimwa kwa kipimo cha ndugu yake.

Katika ofisi za klabu kulikuwa na sura mpya. Jerry Reese aliteuliwa meneja mkuu Januari 2007, na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo Giants. Vijana wote wanane aliowasajili kwa mara ya kwanza walipata nafasi kikosini. Miongoni mwao alikuwemo mkimbiaji Ahmad Bradshaw, aliyechaguliwa wa 250. Kocha mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, aliletwa kutoka Philadelphia.

Mwanzo wa machozi

Msimu ulianza vibaya. Septemba 9, 2007 Giants ilifungwa 45-35 na Dallas Cowboys, na Manning akaumia bega. Wiki moja baadaye ikafungwa nyumbani 35-13 na Green Bay Packers. Katika mechi mbili ulinzi wa Spagnuolo ulikuwa umeruhusu pointi 80.

Usiku wa kuamkia mechi ya tatu, mjini Washington, aliitwa kuzungumza na wachezaji Luteni Kanali Greg Gadson, ofisa wa jeshi aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu nchini Iraq mwezi Mei mwaka huohuo. Gadson aliwahi kucheza futiboli katika chuo cha jeshi cha West Point pamoja na mmoja wa makocha wa Giants. Aliwaambia wachezaji juu ya kupigana kwa ajili ya mwenzako aliye kando yako.

Siku iliyofuata Giants ilikuwa nyuma 17-3 hadi mapumziko. Ikarudi na kuongoza 24-17. Katika dakika ya mwisho Washington ilifika umbali wa yadi moja kutoka kwenye eneo la mwisho, ikajaribu tena na tena kupenya, na ukuta wa Giants haukutikisika. Tangu siku hiyo timu ikawa nyingine.

Wiki moja baadaye, Septemba 30, Giants ilimwangusha kwotabeki wa Philadelphia, Donovan McNabb, mara 12 na kuifikia rekodi ya ligi kwa mechi moja. Osi Umenyiora, mzaliwa wa London wa wazazi Wanigeria aliyepitia utoto wake Nigeria, alimwangusha mara sita peke yake. Katika mechi hiyohiyo Strahan aliipita rekodi ya klabu iliyokuwa ikishikiliwa na Lawrence Taylor. Matokeo yalikuwa 16-3.

Mwishoni mwa msimu wa kawaida Giants ilikuwa imewaangusha makwotabeki mara 53, idadi kubwa kuliko timu yoyote ya ligi.

Mjukuu wa Kiwanuka

Miongoni mwa walinzi waliotamba siku hiyo alikuwemo Mathias Kiwanuka, jina lisilo geni masikioni mwa watu wa Afrika Mashariki. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, kabla ya uhuru, na baadaye Jaji Mkuu. Aliuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Mathias alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983, na Giants ilimsajili mwaka 2006.

Msimu wake wa kwanza ulimwachia kovu. Katika mechi dhidi ya Tennessee alimkamata kwotabeki Vince Young, kisha akamwachia akidhani mpira umekwisha kurushwa. Young alikimbia, Tennessee ikashinda, na Giants iliyokuwa ikiongoza 21-0 ikapoteza. Kijana huyo alilaumiwa kwa miezi.

Mwaka 2007 alihamishiwa nafasi ya ulinzi wa kati na kuanza kung'ara. Novemba 18, katika ushindi wa 16-10 mjini Detroit, alivunjika mguu. Msimu wake ukaishia hapo, na safari iliyobaki akaitazama akiwa pembeni.

Simba wa ugenini

Baada ya kuwafunga Jets 35-24, Atlanta 31-10 na San Francisco 33-15, Giants ilivuka bahari. Oktoba 28 ilicheza na Miami Dolphins katika uwanja wa Wembley, London, ikiwa ni mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida wa NFL kuchezwa barani Ulaya. Mvua iligeuza uwanja kuwa tope, Manning akafanikiwa kusogeza yadi 59 tu kwa pasi, lakini Brandon Jacobs alikimbia yadi 131 na Giants ikashinda 13-10. Hesabu ikawa ushindi mara sita na vipigo viwili.

Kisha mashaka yakarudi. Dallas ilikuja New Jersey, ulipokuwa uwanja wa nyumbani wa Giants, na kushinda 31-20. Novemba 25 Minnesota Vikings iliishindilia 41-17. Siku hiyo Manning alinyang'anywa pasi nne, na tatu kati ya hizo wapinzani walizirudisha moja kwa moja hadi tachidauni. Mashabiki walimzomea. Desemba 16 Washington nayo ilishinda 22-10 hapohapo, na mpokeaji nyota Jeremy Shockey akavunjika mguu.

Ajabu ni kwamba timu hiyohiyo iliyozomewa nyumbani ilikuwa haishikiki ugenini. Ilitoka nyuma na kuifunga Chicago 21-16, ikaishinda Philadelphia 16-13 na, Desemba 23, ikaichapa Buffalo 38-21 katika upepo na theluji. Ushindi huo uliipa tiketi ya mtoano. Ilimaliza ikiwa na ushindi mara saba katika mechi nane za ugenini, ikihesabiwa ile ya London, na mara tatu tu katika nane za nyumbani.

Mechi isiyo na faida

Ilibaki mechi moja, ya Desemba 29, dhidi ya Patriots. Kwa Giants ilikuwa ni ya kukamilisha ratiba. Nafasi yake ya tano katika kanda ya NFC ilikuwa imekwisha kuamuliwa, na matokeo yoyote yasingeibadilisha. Desturi katika hali hiyo ni kuwapumzisha nyota ili wasiumie.

Kwa Patriots mambo yalikuwa tofauti. Ilikuwa imeshinda mechi 15 na kukaribia kuwa ya kwanza kumaliza msimu wa mechi 16 bila doa. Kwotabeki Tom Brady na mpokeaji Randy Moss walikuwa wakizifukuzia rekodi. Hamu ya watazamaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mechi ilionyeshwa kwa pamoja na vituo vitatu vya televisheni nchini Marekani.

Coughlin aliamua kuwapanga wachezaji wake wote wakuu. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari. Kama Manning angevunjika, kocha aliyebakiza uzi mmoja wa mkataba asingesamehewa na mtu.

Giants ilicheza kana kwamba ndiyo fainali. Iliongoza 21-16 hadi mapumziko na 28-16 katika robo ya tatu. Manning alirusha pasi nne za tachidauni. Patriots ilizinduka, Brady akamtupia Moss pasi ya yadi 65 iliyovunja rekodi mbili kwa mpigo, ikiwa ni tachidauni ya 50 kwa mrushaji na ya 23 kwa mpokeaji, na mechi ikaisha 38-35.

Gharama ilionekana mara moja. Wachezaji watatu wa kutegemewa, Shaun O'Hara, Sam Madison na Kawika Mitchell, walitoka wakiwa majeruhi. Wapo waliomshutumu Coughlin kwa kuichezea bahati timu yake kwa ajili ya mechi isiyo na faida.

Wapo pia walioona vingine. John Madden, kocha wa zamani na mtangazaji aliyeheshimika kuliko wote katika mchezo huo, alimwachia Coughlin ujumbe wa simu akimpongeza kwa kuupa mchezo heshima yake. Nao wachezaji waliondoka uwanjani wakijua jambo ambalo hakuna kikao kingeweza kuwafundisha: timu isiyofungika ilikuwa imewashinda kwa pointi tatu tu, baada ya kuhangaika.

Mtoano: Tampa, Dallas na barafu ya Green Bay

Kwa kuwa iliingia kwa nafasi ya ziada, Giants ililazimika kucheza mechi zote za kanda ugenini. Kwa timu nyingine hiyo ingekuwa adhabu. Kwa Giants ya mwaka ule ilikuwa karibu na zawadi.

Januari 6, 2008 ilianza kwa kuifunga Tampa Bay Buccaneers 24-14. Wenyeji walitangulia kwa pointi saba, kisha Giants ikapata 24 mfululizo.

Wiki moja baadaye ilisafiri hadi Dallas. Cowboys ilikuwa kinara wa kanda kwa ushindi wa mechi 13, na ilikuwa imekwisha kuifunga Giants mara mbili msimu huo. Amani Toomer alifunga tachidauni mbili, Jacobs akaongeza moja katika robo ya mwisho, na ulinzi haukuruhusu hata pointi katika robo hiyo. Zikiwa zimebaki sekunde tisa, R.W. McQuarters alinyakua pasi ya Tony Romo ndani ya eneo la mwisho. Ikawa 21-17.

Fainali ya kanda, Januari 20, ilichezwa Green Bay, jimboni Wisconsin, katika baridi ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ukaifanya ihisiwe kama nyuzi 30. Uso wa Coughlin ulikuwa mwekundu kiasi kwamba picha zake zilizunguka kote. Plaxico Burress alidaka pasi 11 kwa zaidi ya yadi 150 dhidi ya walinzi bora wa Packers.

Timu zikiwa sare 20-20, mpigaji wa Giants, Lawrence Tynes, mzaliwa wa Scotland, alikosa mikwaju miwili katika robo ya mwisho. Wa pili ulikuwa wa yadi 36 tu, muda ukiwa umekwisha, na ungemaliza kazi. Mechi ikaingia muda wa nyongeza.

Katika muda huo Corey Webster alinyakua pasi ya Brett Favre, ambayo ilikuwa ya mwisho kwa nguli huyo akiwa na jezi ya Packers. Tynes aliitwa tena, safari hii kwa umbali wa yadi 47, mrefu kuliko ile aliyokosa. Hakusubiri kuona mpira unakoangukia: baada ya kuupiga alitimua mbio kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo. Ulikuwa umepita katikati. Giants ilishinda 23-20, na huo ulikuwa ushindi wake wa 10 mfululizo katika viwanja vya wengine.

Katika mechi hizo tatu Manning, aliyenyang'anywa pasi 20 katika msimu wa kawaida, hakunyang'anywa hata moja.

Usiku wa Glendale

Patriots iliwasili Arizona ikiwa imefunga pointi 589 katika msimu wa kawaida, rekodi ya ligi iliyodumu hadi Denver ilipoivunja mwaka 2013. Wakadiriaji waliipa ubora wa takriban pointi 12. Burress alipotabiri kuwa Giants ingeshinda 23-17, Brady alicheka mbele ya waandishi, akistaajabu kwamba timu yake ingeweza kuishia pointi 17. Haikuzifikia.

Mpira ulianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Afrika Mashariki. Giants ilishika mpira kwanza na kukaa nao kwa takriban dakika 10, shambulizi refu kuliko lolote lililowahi kuonekana katika Super Bowl hadi wakati huo. Lilizaa pointi tatu tu za Tynes, lakini lilimweka Brady kwenye benchi. Patriots ilijibu kwa tachidauni ya Laurence Maroney, na hadi mapumziko ilikuwa 7-3.

Hapo ndipo faida ya Desemba 29 ilipojitokeza. Spagnuolo alikwisha kumwona Brady kwa karibu. Aliwatuma Strahan, Umenyiora na Justin Tuck kumshambulia kutoka kila pembe, hata kupitia katikati ya safu. Brady aliangushwa mara tano na kupigwa mara nyingi zaidi. Katika robo ya tatu hakuna timu iliyopata pointi.

Robo ya mwisho Manning alimpata David Tyree kwa pasi ya yadi tano, ikawa 10-7. Tyree alikuwa mchezaji wa kazi nyingine uwanjani, aliyedaka pasi nne tu msimu mzima. Brady akajibu kwa pasi kwa Moss, 14-10, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 42.

Giants ilianzia yadi 17 upande wake, ikihitaji kusafiri yadi 83. Mara moja ilifikia jaribio la nne, na Jacobs akasukuma yadi mbili alipohitaji moja. Muda mfupi baadaye mlinzi Asante Samuel alikosa kidogo tu kunyakua pasi ambayo ingemaliza ubishi.

Ikibaki dakika 1 na sekunde 15, walinzi wawili wa Patriots walimkamata Manning na kuivuta jezi yake. Mwaka mmoja nyuma Kiwanuka alimwachia kwotabeki akidhani kazi imekwisha. Safari hii Manning ndiye aliyejinasua mwenyewe, akarudi nyuma na kuurusha mpira mbali. Tyree aliruka, akaubana kwa mkono mmoja juu ya kofia yake ngumu huku beki Rodney Harrison akijaribu kuupokonya, na akaanguka nao bila kugusa ardhi. Zilikuwa yadi 32.

Steve Smith alidaka pasi ya yadi 12. Kisha, zikibaki sekunde 35, Burress alimwacha mlinzi wake Ellis Hobbs amepotea njia na kuipokea pasi ya yadi 13 akiwa peke yake pembeni. Ikawa 17-14. Brady alijaribu mara nne bila mafanikio, mara moja akiangushwa na kijana Jay Alford.

Pointi 14 zilikuwa chache kuliko zote alizopata Patriots msimu huo. Waswahili walikwisha kunena: kutangulia si kufika. Hadi leo Miami Dolphins ya 1972 ndiyo timu pekee iliyomaliza msimu na Super Bowl bila kufungwa.

Manning alitangazwa mchezaji bora wa fainali, mwaka mmoja baada ya kaka yake kupata tuzo hiyohiyo. Giants ikawa timu ya kwanza ya kanda ya NFC kutwaa Super Bowl kupitia nafasi ya ziada. Nchini Marekani watazamaji walikadiriwa kufikia wastani wa zaidi ya milioni 97.

Baada ya ubingwa

Februari 5, 2008 jiji la New York liliwapokea mabingwa kwa maandamano katika mitaa ya Manhattan. Strahan alistaafu mwezi Juni, na mwaka 2014 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Shockey aliuzwa New Orleans. Burress alijijeruhi kwa bastola yake katika klabu ya usiku Novemba 2008, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo.

Tyree hakudaka tena pasi yoyote katika mechi za ligi. Ile ya Glendale ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika maisha yake ya uchezaji.

Coughlin na Manning waliifunga tena Patriots katika fainali ya Februari 2012, kwa 21-17, na safari hiyo Kiwanuka alikuwa uwanjani. Coughlin aliondoka Giants Januari 2016, naye Manning akastaafu mwaka 2020. Spagnuolo aliendelea kutwaa ubingwa akiwa kocha wa ulinzi wa Kansas City Chiefs. Umenyiora aligeukia kazi ya kusaka vipaji vya mchezo huo Afrika, kazi iliyoifikisha kambi ya NFL jijini Nairobi mwaka 2023.

Mjadala wa kuwapumzisha nyota katika mechi za kukamilisha ratiba haujaisha, wala hautaisha. Makocha wengi bado huwapumzisha, na wana sababu za msingi, kwani mfupa uliovunjika hauungwi kwa hamasa. Lakini kila Desemba suala hilo linapozuka, msimu wa Giants wa 2007 hutajwa kwanza. Ni ushahidi kwamba kuna kipigo kinachomfunza mtu kiasi cha kumgharimu mshindi mara ya pili.

MSIMU KWA UFUPI

Msimu wa kawaida: mechi 16, ushindi 10, vipigo 6. Pointi za kufunga 373, za kufungwa 351.

Nyumbani: ushindi 3, vipigo 5. Ugenini: ushindi 7, kipigo 1.

Mtoano:
Januari 6, 2008: Tampa Bay 14, Giants 24
Januari 13, 2008: Dallas 17, Giants 21
Januari 20, 2008: Green Bay 20, Giants 23 (muda wa nyongeza)

Super Bowl ya 42:
Februari 3, 2008: Giants 17, Patriots 14